Corolla nyekundu iliyopauka: anza na injini, rangi ifuate

Msomaji ameniandikia hivi: "Shikamoo fundi. Niko Tanga. Mjomba wangu amestaafu kazi ya bandarini, ameniachia Corolla yake AE100 ya mwaka 1993, nyekundu. Gari linatembea vizuri, lakini boneti, paa na buti vimepauka mpaka vimekuwa vya pinki, na ukifungua boneti ni grisi na vumbi tupu. Kijana wa kuosha magari anataka kuipiga injini kwa mashine ya presha na dizeli. Fundi rangi naye anasema hakuna dawa, nipige rangi gari zima. Nianze wapi, na je, rangi ile inaweza kurudi?"

Marahaba, mwanangu. Kwa maelezo uliyotoa, nina imani kubwa kwamba rangi hiyo itarudi. Mzuie huyo kijana wa presha, na usimpe fundi rangi hata senti ya kianzio mpaka umalize kusoma hapa. Gari la umri huo likitendewa kwa pupa hupoteza vitu viwili ambavyo havinunuliki tena: rangi yake ya kiwandani, na ushahidi wa wapi injini inavuja.

Anza na injini. Sabuni ya kuondoa grisi itarukia madigadi na boneti, na ukiwa umeshapolishi utakuwa umejiharibia kazi yako mwenyewe. Lakini iko sababu kubwa zaidi. Ile grisi na vumbi ndiyo ramani ya uvujaji. Vumbi haligandi mahali pakavu; linaganda palipo na oili. Kwa hiyo kabla hujamwaga tone la maji, chukua tochi, piga picha za kila upande kwa simu, kisha tazama kwa utulivu: uchafu mzito umeanzia juu wapi, na umeteremkia wapi?

Injini ya AE100 ni 5A-FE, ya sentimita za ujazo 1,498, yenye kemshafti mbili na distributa (kifaa kinachogawa umeme kwenye plagi) ubavuni, upande wa gia. Kwa umri wake, uvujaji wake huwa na sehemu zinazojulikana. Ya kwanza ni gasketi ya kava ya tapeti, yaani kifuniko cha juu ya injini: oili huteremka ubavuni mwa injini, na nyingine huingia kwenye visima vya plagi. Chomoa nyaya za plagi moja moja, kwa kushika kofia ya mpira na si waya wenyewe, utazame ncha. Ikiwa imelowa oili, sili za visima vile zimechoka, na zinabadilishwa pamoja na gasketi ya kava kwa kazi moja. Ya pili ni mpira wa mviringo wa distributa. Ukiona gia imelowa oili chini ya distributa, watu wengi watakuambia sili ya krenki imekwisha na injini ishushwe. Mara nyingi ni kale kampira kadogo tu. Ya tatu ni mipira ya oili ya pawa steringi. Na ukiona rangi imevimba au kubanduka kwenye ukuta wa nyuma wa injini, chini ya masta silinda ya breki, hiyo si kutu ya kawaida: oili ya breki hula rangi. Hapo masta silinda inavuja, na hiyo itengenezwe kabla ya urembo wowote.

Sasa kuhusu dizeli na presha. Dizeli inayeyusha grisi, ni kweli, ndiyo maana imependwa. Lakini inapenya kwenye mipira na kuivimbisha: mipira ya maji, viti vya injini, mikanda. Inabaki kama utando wa mafuta unaong'aa kwa siku mbili, halafu unavuta vumbi lote la barabara, na mwezi ujao uko pale pale ulipoanzia. Petroli usiitaje kabisa karibu na betri. Presha nayo inasukuma maji mahali ambapo mvua haifiki kamwe: ndani ya alteneta, ndani ya distributa, kwenye soketi za sensa, kwenye visima vya plagi. Nyaya za gari la 1993 zimeshakuwa ngumu na plastiki za soketi zinavunjika kwa kuguswa. Mkondo wa presha ukipiga rejeta kwa karibu, zile pezi nyembamba zinalala na hewa haipiti tena. Wanaofanya kazi hiyo kila siku watakuambia magari mengi yametoka salama. Yametoka salama yale mapya. Gari la zaidi ya miaka 30 si la kujaribia.

Fanya hivi. Injini iwe baridi kabisa, gari kivulini. Maji baridi juu ya chuma cha moto yanaweza kukipasua, na sabuni ikikaukia juu ya injini ya moto inaacha madoa yasiyotoka. Toa waya hasi wa betri. Kisha usafi wa kwanza uwe mkavu: toa majani yaliyojaa chini ya waipa, maana yakiziba matundu ya kutolea maji, mvua za masika zitaingia ndani ya gari kupitia feni ya hewa. Angalia kama panya wamejenga. Futa vumbi kwa brashi laini ya kupakia rangi, ukivuta vumbi lije nje badala ya kulisukuma ndani. Hatua hii hudharauliwa sana, na ndiyo inayokupunguzia nusu ya kazi.

Betri ishughulikie peke yake. Ule unga mweupe wa kijani kwenye teminali ni zao la asidi. Vaa glavu, koroga baking soda kwenye maji ya vuguvugu, mimina kidogo kidogo mpaka povu liache kuchemka, sugua kwa mswaki wa zamani, suuza. Hakikisha vifuniko vya betri vimebana, soda isiingie ndani. Inua betri utazame sinia yake. Hapa pwani ndipo kutu inapopenda kuanza, kwa sababu chumvi ya hewa na asidi zimekutana. Kama kuna kutu, kwangua mpaka uone chuma, paka dawa ya kubadilisha kutu yenye asidi ya fosforiki, ikigeuka nyeusi na kukauka, paka praima (rangi ya msingi) na rangi. Teminali zikishafungwa, zipake vaselini.

Baada ya hapo funika vinavyoogopa maji: distributa na nyaya zake, alteneta, boksi la fyuzi, mdomo wa kuingizia hewa, na ile sensa ndogo ya vakyumu iliyofungwa ukutani. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, lakini foili ya jikoni inafanya kazi vizuri zaidi, maana inajikunja na kushika umbo la kitu. Chini ya gari tandaza mabati au turubai na machujo ya mbao yanywe oili itakayodondoka. Usiiache ikimbilie mtaroni. Tanga mitaro yetu inaishia baharini.

Sabuni nzuri ni ile ya kuondoa grisi inayochanganywa na maji. Usiipate, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo inatosha, utarudia tu mara mbili tatu. Usikubali mtu akuuzie mchanganyiko wenye kostiki soda. Kava ya tapeti na gamba la gia ni aluminiamu, na kostiki huila aluminiamu na kuiacha nyeusi yenye mabaka. Pulizia sabuni kutoka chini kwenda juu, sehemu moja baada ya nyingine, iache dakika tatu hadi tano isikauke, sugua kwa brashi. Palipo na grisi nene ya miaka, kwangua kwanza kwa kijiti cha mbao au kipande cha plastiki. Bisibisi itaacha michubuko.

Kusuuza usitumie zaidi ya nguvu ya mpira wa kumwagilia bustani. Mimi napendelea lile bomba la mkono la kupulizia dawa shambani, liwe jipya ambalo halijawahi kutiwa dawa: maji yanatoka kidogo, unayaelekeza unapotaka, na hayafiki usipotaka. Karibu na distributa na alteneta usisuuze kabisa, futa kwa kitambaa kibichi.

Kukausha ni kazi, usikuharakishe. Kama kuna kompresa ya upepo gereji ya jirani, peleka gari lisukumwe pale au omba upepo. Pulizia visima vya plagi kwanza kabisa, kabla hujachomoa plagi yoyote, la sivyo mchanga na maji vinadondokea ndani ya silinda. Ondoa foili, acha boneti wazi juani saa mbili au tatu, rudisha waya wa betri, washa. Iache iungurume mpaka feni ya rejeta izunguke na kuzima. Ikianza kutetemeka na kumisi, usiogope na usiendelee kuilazimisha: zima, fungua kifuniko cha distributa, kikaushe kwa kitambaa safi ndani na nje, kausha na kofia za nyaya za plagi. Karibu kila mara ni unyevu wa hapo.

Usipake kitu chochote cha kung'arisha siku hiyo. Nyunyiza poda ya mtoto kwenye sehemu ulizotilia shaka, endesha gari wiki moja kwa shughuli zako za kawaida, halafu fungua uone poda imelowa wapi. Hapo ndipo unampa fundi kazi, ukiwa unajua unachomwagiza. Gasketi na sili zikishabadilishwa, mipira na plastiki nyeusi unaweza kuzipaka dawa ya kulinda plastiki isiyo na mafuta ya petroli, ipakwe kwa kitambaa na si kupulizwa, na iliyozidi ifutwe. Injini safi iliyo kavu, yenye rangi yake ya alumini isiyong'aa sana, inapendeza kuliko ile iliyorowa mafuta, na mnunuzi mwenye akili huiogopa ile ya pili.

Sasa rangi, ambayo najua ndiyo iliyokufanya uandike.

Kwenye ukuta wa nyuma wa injini, sasa ukiwa msafi, utaona kibao cha chuma. Tafuta palipoandikwa COLOR au C/TR. Alama tatu za kwanza ndizo namba ya rangi. Nyekundu ya Toyota ya miaka ile mara nyingi ni 3E5. Hiyo ni rangi ya tabaka moja: rangi yenyewe ndiyo iko juu kabisa, haijafunikwa na klia, lile tabaka la juu linaloonyesha kama kioo. Ndiyo maana imepauka hivyo. Jua linavunja utomvu unaoshikilia chembe za rangi, utomvu ukifa chembe zinabaki juu kama unga, na unga ule ndio pinki unayoiona. Boneti, paa na buti vinatazama jua moja kwa moja, milango hailitazami hivyo. Chini ya ule unga, nyekundu yako bado iko hai.

Usiniamini kwa maneno, jaribu. Kwanza fungua mlango utazame rangi iliyo ndani, kwenye fremu, ambako jua halifiki: hiyo ndiyo nyekundu ya mwaka 1993, na ndiyo unayoifuata. Kisha chukua kitambaa cheupe cha pamba, weka polishi laini kidogo, sugua kwenye kona ya boneti isiyoonekana sana. Kitambaa kikitoka chekundu, ni rangi ya tabaka moja, na dawa ipo. Kikitoka cheupe au kijivu cha uchafu tu, juu kuna klia, maana yake paneli hiyo ilishawahi kupigwa rangi upya au gari lako si 3E5. Fanya jaribio hilo kila paneli, mbele na nyuma. Gari lililokaa miaka yote hiyo barabarani lina uwezekano mkubwa wa kuwa na madigadi moja au bampa iliyopigwa rangi mtaani, na kila moja itatendewa kwa namna yake.

Hapa nataka uelewe kipimo, kwa sababu ndicho kinachotenganisha kuokoa rangi na kuimaliza. Rangi nzima ya kiwandani, pamoja na praima, kwa kawaida ina unene wa maikroni 100 hadi 150 hivi. Maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Kwenye kingo na mistari ya bodi ni nyembamba zaidi. Kila unaposugua unaondoa kiasi, na hakirudi. Kwa hiyo sheria ni moja: anza na kilicho laini kuliko vyote, na ukali uongezwe tu pale laini iliposhindwa.

Osha gari asubuhi au jioni, bodi ikiwa baridi, kwa shampuu ya magari na ndoo mbili: moja ya sabuni, moja ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga usirudi juu ya rangi. Sabuni ya unga ya kufulia achana nayo. Ni kali, na chembe zisizoyeyuka zinakwaruza. Kisha, ukiipata, tumia ule udongo maalumu wa kusafishia rangi, ukiuteleza juu ya bodi iliyolowa maji ya shampuu. Unanasa vumbi la chuma na utomvu vilivyojichimbia. Kama mjomba alikuwa akiegesha chini ya mwembe, utashangaa utakachokitoa. Ukidondoka chini, utupe, umeshabeba mchanga.

Rangi ya tabaka moja iliyokauka kiasi hicho inafaidika sana na hatua ambayo mafundi wengi wanairuka: kuilisha mafuta kabla ya kuisugua. Kuna polishi za aina ya glezi, zenye mafuta mengi na makali kidogo. Inayojulikana zaidi kwa kazi hii ni Meguiar's namba 7. Ipake nzito kwa kitambaa cha taulo, isugue ipenye, iache usiku mzima, kesho yake futa na upake tena. Kitambaa kitakuwa chekundu, na boneti itaanza kukolea kabla hujaanza kusugua kwa nguvu. Mafuta hayo yanalainisha tabaka lililokauka ili lisikatike kwa vipande, na kile kinachobaki cha kukatwa kinakuwa kidogo.

Baada ya hapo weka tepu ya karatasi kwenye kingo zote, mistari ya bodi, mipira ya vioo na plastiki. Pima eneo la sentimita 40 kwa 40 katikati ya boneti ufanye majaribio hapo tu. Polishi laini kwa mkono kwanza. Ikitoa matokeo, shukuru, endelea nayo. Isipotosha, nenda kwenye rabingi kompaundi ya wastani na mashine. Mashine iwe ile ya kupolishi yenye mwendo wa kuzunguka huku ikiyumba, si grinda la fundi lililovishwa sponji. Grinda la kawaida linazunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Rangi inaungua na kufika kwenye praima kabla hujajua. Hata mashine ya kupolishi ya kuzunguka tu, inayokwenda kati ya 600 na 3,000, inataka mkono uliozoea. Ile ya kuyumba inamsamehe anayejifunza.

Sponji litajaa rangi nyekundu haraka sana. Usiogope, hiyo ni ile ngozi iliyokufa, lakini isafishe au badilisha sponji kila paneli, maana rangi iliyokufa ikirudishwa juu ya bodi inaacha mawingu. Gusa bodi kwa kiganja kila mara. Ikiwa ya moto, simama. Ukiona umepata asilimia themanini ya ile nyekundu ya ndani ya mlango, acha hapo. Mtu anayetafuta asilimia mia kwenye rangi ya miaka 30 ndiye anayeishia kuona kijivu cha praima.

Dawa ya meno, mafuta ya kupikia, mafuta ya taa: utashauriwa vyote hivyo mtaani. Mafuta yanaifanya pinki ionekane nyekundu mpaka mvua ya kwanza, na dawa ya meno ina chembe ambazo hazikutengenezwa kwa rangi ya gari.

Kisha ulinzi, siku hiyo hiyo. Rangi ya tabaka moja uliyoifunua haina klia ya kuikinga, na jua letu la pwani halichelewi. Nta ya kanauba inapendeza sana kwenye nyekundu, inaipa kina, lakini kwa gari linalolala nje Tanga itakushika wiki chache tu. Kinga ya kisasa ya kutengenezwa kiwandani inadumu miezi kadhaa. Mimi ningeweka hiyo ya pili, na nta juu yake siku za harusi. Mwaga maji juu ya boneti kila mwezi: yakikaa matone matone, kinga ipo, yakitandaa, paka tena. Mavi ya ndege yaondoe siku ile ile kwa maji mengi. Na usifunike gari kwa turubai linalopigwa na upepo wa kusi. Linasugua chumvi na mchanga juu ya bodi mchana kutwa. Paa la mabati au makuti juu ya nguzo nne ni bora kuliko turubai la bei yoyote.

Fundi wako wa rangi atakuwa na haki mahali pamoja: kama kitambaa kilitoka cheupe na klia inabanduka kama maganda, au unaona praima, au rangi imepasuka nyufa ndogo ndogo, hapo polishi haina kazi. Lakini hata hivyo apige paneli hiyo peke yake, aache milango yenye rangi ya kiwandani. Rangi nyingi zinazotumika sasa ni zile za kuchanganywa na kikaushio chenye isosayaneti, zinazoharibu mapafu na kuleta pumu ya kudumu. Kitambaa usoni hakizuii kitu, kwa hiyo chagua gereji ambayo mpigaji anavaa kifaa kinachomletea hewa safi kwa bomba, na usisimame karibu kutazama. Na dukani kwa kuchanganyiwa rangi usiende na namba ya 3E5 peke yake. Polishi kwanza gari zima, kisha fungua kile kifuniko cha nje cha tangi la mafuta uende nacho, wachanganye kwa kukilinganisha nacho, wajaribu kwenye kipande cha bati, nawe ukitazame juani kabla hawajatia kwenye kopo.